Jumanne maji yanakupwa asubuhi: kisa cha mwanafunzi aliyeelewa maneno yote na kukosa kauli

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini mwa mji wa Tanga. Nimekiandika kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe na ya akina mama waliohusika, nami nimeacha majina yao yote pamoja na jina la mradi uliomleta. Ninawaandikia kwanza walimu wenzangu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni, lakini pia kila anayeishi au kufanya kazi na wageni hao, kwa sababu nusu ya tatizo nililolikuta ilikuwa upande wetu sisi wenye lugha.

Mwanafunzi ni kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 31, mtaalamu wa mazao ya bahari, aliyejifunza Kiswahili chuoni kwao kwa miaka 2 kabla ya kuja Tanga kwa kazi ya miezi 11. Katika ngazi 6 za ujuzi wa lugha za Baraza la Ulaya, zinazoanzia A1 na kuishia C2, yeye alikuja na cheti cha B2, na cheti hicho hakikusema uongo. Ngeli alizimudu, vitenzi vyenye viambishi vingi havikumtisha, na saa zetu hazikumpotosha hata mara moja. Alianza kuja kwangu, mtaa wa Chumbageni mjini Tanga, mara 2 kwa wiki, na alipoulizwa anahitaji nini alijibu bila kusita kwamba anahitaji kuongeza msamiati. Nami nilikubali, nikamwandalia maneno ya uvuvi na ya masoko. Sote wawili tulikuwa tumekosea kutambua maradhi.

Siku ya tukio

Ijumaa moja alikutana na kikundi cha akina mama 14 wanaolima mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na baadaye likaenea mwambao wa bara. Alitaka wakae pamoja wiki inayofuata wazungumzie namna ya kukausha mwani juu ya chanja badala ya mchangani. Akauliza, kwa Kiswahili kisicho na kosa: "Je, mtaweza kukutana nami Jumanne saa 4 asubuhi?"

Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo anayeheshimiwa na kijiji kizima, alijibu: "Inshallah, baba, Mungu akitujaalia uzima." Mama mwingine, aliyekuwa akifungua mafundo ya kamba, akasema bila kuinua uso: "Jumanne maji yanakupwa asubuhi." Wa tatu akaongeza: "Na mwezi nao ndio unakamilika." Pakawa kimya kidogo. Kijana akawashukuru kwa taarifa, akaandika katika daftari lake: Jumanne, saa 4, watu 14.

Kwa msomaji wa bara lazima nieleze jambo ambalo mtoto wa pwani halihitaji kuelezwa. Mwezi unapokamilika, na pia unapoandama, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na katika mwambao wetu maji ya bamvua huwa yamekwenda mbali kabisa majira ya saa 4 au saa 5 asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo mkulima wa mwani anaweza kulifikia shamba lake kwa miguu, akafunga mbegu, akakaza vigingi na kuvuna. Siku za maji mafu bahari haiondoki vya kutosha. Mwanamke wa mwani anayekaa mkutanoni saa 4 asubuhi siku ya bamvua amepoteza siku ambayo hairudi mpaka wiki 2 zipite. Kwa hiyo sentensi ile fupi ya mama mwenye kamba ilikuwa jibu kamili: hatuwezi, na sababu ni hii. Ya tatu ilikazia tu.

Jumanne kijana alifika mapema, akapanga viti chini ya mkungu, akaweka kreti la soda kivulini. Alikaa pale mpaka saa 6. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba kutoka alipokaa aliwaona. Walikuwa mbele yake, wameinama majini, kanga zimefungwa kiunoni, naye akaamini kwamba wamesahau. Walipopanda pwani na magunia kichwani aliwaendea akasema: "Mbona hamkuja? Mlisema mtakuja. Mmenidanganya." Mwenyekiti akatua gunia lake, akamtazama, akasema: "Haya, baba. Tumekusikia."

Alipokuja darasani Alhamisi alinisimulia haya yote akiwa ametulia kabisa. Alisema ameeleza kero yake waziwazi, wao wakamsikiliza na kumwelewa, na jambo limekwisha. Wiki 3 zilizofuata alipokewa kijijini kwa salamu kamili zisizopungua neno, lakini dafu alilozoea kupasuliwa halikupasuliwa tena. Aliambiwa mwenyekiti hayupo huku ndara zake zikionekana mlangoni. Ndipo alipokuja kuniuliza kama kuna neno ambalo hakulielewa.

Kilichoharibika, na mahali kilipoharibikia

Hapakuwa na neno ambalo hakulielewa. Nilimwandikia mazungumzo yale ubaoni mstari kwa mstari, naye akafasiri kila sentensi sawasawa. Nilipomuuliza kwa nini yule mama alitaja maji wakati aliulizwa habari ya mkutano, alifikiri kwa muda, akasema labda alikuwa akizungumzia hali ya bahari ili kuwa mkarimu. Hapo ndipo nilipouona ufa wenyewe. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba msikilizaji huchukulia kila jibu kuwa linahusiana na swali hata pale linapoonekana kwenda kando, na kutokana na imani hiyo hutafuta maana iliyokusudiwa. Kijana wangu alifanya hivyo kwao kila siku bila kujua. Katika Kiswahili, kwa kuwa alikuwa anatumia nguvu zake zote kufungua sentensi, alipoifungua tu aliona kazi imekwisha, akaacha kuuliza sentensi hiyo imekuja pale kufanya nini.

Sehemu ya pili ni kauli yake mwenyewe. Neno "mbona" alifundishwa kuwa ni sawa na "kwa nini", naye alikuwa na mazoea mazuri ya kubadilisha maneno ili asirudierudie. Lakini anayeuliza "kwa nini hamkuja" anatafuta sababu, na anayeuliza "mbona hamkuja" amekwisha kusema kwamba mlipaswa kuja. Kati ya marika neno hilo ni jepesi. Kwa kijana anayesimama mbele ya wanawake walio na umri wa mama zake, wametoka kazini, wana magunia kichwani, lilikuwa shutuma. Kisha akaongeza "mmenidanganya", neno ambalo pwani mtu mzima haambiwi usoni, na kwa haki kabisa lilikuwa si kweli: walimwambia ukweli wote, tena sababu yake.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyomfanya apoteze wiki 3. "Haya" ya mwenyekiti aliisikia kama ile ya wauza duka wanaokubali bei. Nilimsemea neno hilo kwa namna nne: la kuhimiza (lenye kuvutwa na kupandishwa mwishoni), la kukubali, la kumtuliza mtoto, na lile fupi, linaloshushwa na kukatwa, ambalo hufunga mlango. Aliyatofautisha mawili tu. Nikamwomba anirudishie lile la mwenyekiti kama alivyolisikia, akalirudisha barabara, la kushuka na kukatika. Sikio lilikuwa limeshika kila kitu, hata sauti, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sauti ile ni sehemu ya ujumbe.

Mwaka 1983 mwanaisimu Jenny Thomas alitoa hoja ambayo naiona kuwa kiini cha kisa hiki: mgeni anapokosea sarufi, wenyeji huona kwamba hajui lugha, lakini mgeni asemaye sarufi safi anapokosea matumizi, wenyeji huona kwamba hana adabu. Laiti kijana huyu angesema "nyinyi hapana kuja, mimi ngoja sana", akina mama wangecheka, wangempa pole, na mmoja angemweleza habari ya bamvua taratibu kama anayemweleza mtoto. Ufasaha wake ulimwondolea msamaha huo. Ndiyo maana naamini kwamba wanafunzi wetu wa ngazi za juu wako hatarini kuliko wale wanaoanza, na kwamba tunawaacha peke yao wakati ule ule tunapowatolea vyeti.

Kosa langu la kwanza

Nilipoona tatizo, nilifanya alichozoea kufanya mwalimu: nilitengeneza orodha. Upande mmoja niliandika maneno, upande wa pili niliandika yanachomaanisha kweli. "Inshallah" nikaandika: mara nyingi ni kukataa. "Tutaangalia": kukataa. "Bado": hapana kwa upole. Alifurahi sana, akaibandika ukutani kwake.

Haikupita wiki. Jirani yake, bibi mmoja mwenye moyo mwema, alimwambia: "Kesho nitakuletea mbaazi za nazi, inshallah." Naye, kwa kutumia orodha yangu, akamjibu kwa upole wote: "Usijisumbue, bibi, nimeelewa kwamba huwezi." Bibi yule alinifuata mimi kuniuliza kama kijana amekerwa na jambo. Kwa mwislamu anayezungumzia jambo la kesho, "inshallah" ni imani yake kwanza, na husemwa kwa ahadi ya kweli kama inavyosemwa kwa isiyo ya kweli. Kukataa kulikuwa katika yote yaliyozunguka neno hilo siku ile ya Ijumaa, nami nilimfundisha kutafuta kukataa huko ndani ya neno. Niliibandua orodha mwenyewe.

Kilichosaidia

Tulianza upya na mazungumzo halisi. Kwa idhini ya wahusika nilirekodi kwa simu mazungumzo mafupi ya nyumbani kwangu na kwa majirani, tukapata vipande 12, kila kimoja kisichozidi dakika 1. Kanuni yetu ilikuwa moja: baada ya kila sentensi nasimamisha, simuulizi "amesema nini", namuuliza "anafanya nini".

Kipande kilichomfungua ni hiki. Mwanamke anasimama uani, baada ya salamu ndefu, anasema: "Jirani, nilikuwa nauliza, lile sufuria kubwa lipo?" Jirani anajibu: "Lipo, lakini nalo limetobokatoboka." Tafsiri ya kwanza ya kijana ilikuwa kwamba mwanamke wa kwanza anataka kujua kama sufuria lipo, naye akajulishwa kwamba lipo na kwamba ni bovu. Nikamwekea kipande cha pili, swali lile lile kwa watu wengine, na jibu: "Lipo, unalitaka lini?" Akanyamaza. Akaomba nirudie vyote viwili. Kisha akasema polepole: "Wa pili amempa. Wa kwanza amemnyima." Nikamuuliza kwa nini huyo wa kwanza hakusema tu "sikupi", akajibu mwenyewe kwamba kesho hao wawili watakutana tena kisimani. Akauliza pia mbona mwombaji alisema "nilikuwa nauliza" ilhali anauliza sasa hivi. Tulikaa na swali hilo somo zima: wakati uliopita unaliweka ombi nyuma kidogo, ili likikataliwa lisimwangukie mtu usoni.

Katika vipande vyetu 12 yeye ndiye aliyeona mwenendo mmoja ambao mimi, niliyezaliwa katika lugha hii, sikuwahi kuutamka. Anayekubali huuliza swali linalofuata: lini, wangapi, tukutane wapi, nije na nani. Anayekataa hazungumzii nafsi yake, huzungumzia kitu: sufuria, mvua, mgonjwa, bahari, kisha huacha sentensi hapo bila kuifuatiliza. Sisemi kwamba hii ni sheria ya Kiswahili. Ni uchunguzi wa vipande 12 vya mtaa mmoja. Lakini ulimpa kitu cha kusikiliza ambacho si neno, na aliporudia mazungumzo ya Ijumaa ile kwa sikio hilo alikiona mara moja: hakuna aliyemuuliza mkutano utafanyikia wapi.

Wenyeji nao

Mwanaisimu John Gumperz aliwahi kuchambua mgogoro katika mkahawa wa wafanyakazi wa uwanja wa ndege nchini Uingereza, ambako wahudumu wanawake kutoka India na Pakistani walilalamikiwa kuwa wakali. Chanzo kilikuwa neno moja: walipouliza kama mteja anataka mchuzi juu ya nyama, walilitaja kwa sauti ya kushuka, ambayo kwao ni ya kawaida na ya adabu, ilhali Mwingereza hutarajia sauti ya kupanda, na ile ya kushuka huiona ni ya kutojali. Kilichoniingia moyoni katika kisa hicho ni kwamba sauti zilirekodiwa, na pande zote mbili zikasikilizishwa. Nikajiuliza kwa nini mimi nilikuwa nikimfanyia kazi kijana peke yake.

Hata hivyo, kabla ya kusikilizishana palikuwa na kuombana radhi, na hilo halifanywi kwa simu wala na mtu mmoja. Tulikwenda Jumapili alasiri, mimi, yeye, na mzee mmoja wa kijiji aliyekubali kutangulia. Tulipopiga hodi akina mama watatu waliokuwa mkekani walianza kuinuka kutupisha, mzee akasema "Starehe, starehe," wakakaa. Nilimwona kijana akishtuka kidogo, kwa kuwa neno hilo alilijua kwa maana ya anasa tu. Mzee alizungumza kwanza, habari za watoto, za bei ya mwani, za jirani aliyelazwa hospitali ya Bombo. Kijana alivumilia, na hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote niliyompa, maana alikuja na sentensi zake tayari. Alipopewa nafasi alisema: "Shikamooni mama zangu. Siku ile mliniambia habari ya maji, nami sikusikia. Nikasema neno ambalo si la kusema. Naomba mnisamehe." Mwenyekiti akajibu: "Marahaba, mwanangu. Yamekwisha." Kisha akamgeukia binti yake akamwambia alete dafu.

Baada ya hapo nilizungumza na akina mama, nikawaambia jambo ambalo huenda lilikuwa zito kwao: kwamba kijana huyu akikosea nao wakanyamaza kwa adabu, adabu yao inamnyima somo. Tunamsifia mgeni kuwa anakijua Kiswahili kutushinda sisi, naye anaondoka na kosa lake mfukoni. Walilipima. Mama mwenye kamba alisema kwamba kumsahihisha mgeni mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na ana haki. Tukakubaliana kwamba binti wa mwenyekiti, aliye rika lake, atakuwa anakaa karibu naye mikutanoni na kumnong'oneza, "Hapo mama amekataa," au "Hapo wanatania tu." Wiki za mwanzo alinong'onezwa mara nyingi. Sasa imepungua.

Na yeye amebadilisha namna ya kuuliza. Hapangi tena siku ndipo aombe ndiyo, kwa maana swali la namna hiyo, likitoka kwa mgeni mwenye mradi, halimwachii mtu pa kutokea. Huuliza: "Mama, wiki ijayo maji yakoje?" na siku hujipanga zenyewe. Mkutano wa chanja ulifanyika siku ya maji mafu, saa 10 jioni, wakaja 13. Wa 14 alikuwa na mgonjwa.

Bado kuna mahali panapomshinda, nalo ni simu. Katika ujumbe wa maandishi hakuna sauti, hakuna kimya, hakuna uso ulioinamia kamba. Mwezi uliopita mwenyekiti alimwandikia "Haya baba" tu, naye akanipigia usiku kuniuliza ni haya ipi kati ya zile nne. Nilimwambia sijui, na kwamba mimi ningekuwa yeye ningekwenda asubuhi kumwamkia.